Kodi Ndiyo Fundi wa Nyumba Yetu

Wasee, wiki iliyopita abti yangu, yaani mjomba, alinitumia sauti ya WhatsApp kutoka Minneapolis. Dakika nne nzima. Nilidhani ni zile stori zake za theluji. Kumbe alikuwa anashangilia fomu ya kodi! Mtu mzima na ndevu zake, anashangilia fomu ya kodi.

Stori yenyewe ni hii. Mwaka wa 2025 aling'oa mtambo wa zamani wa kupasha nyumba joto akaweka ule unaoitwa pampu ya joto. Msiogope jina. Ni kama kiyoyozi kinachojua kazi mbili: kiangazi kinatoa joto nje, na baridi ikija kinaliingiza ndani. Serikali ya Marekani, kwa sheria ya 2022, ilikuwa inasema hivi: weka mtambo kama huo, na asilimia 30 ya gharama tutaitoa kwenye kodi unayodaiwa, mpaka dola 2,000. Halafu tarehe 4 Julai 2025 ikatiwa saini sheria nyingine iliyofunga mlango. Chochote kilichowekwa baada ya 31 Desemba 2025 hakihesabiwi. Abti alipita huo mlango ukiwa unafungwa, na sasa anajaza Fomu 5695 akicheka peke yake.

Nilisikiliza hiyo sauti saa nne usiku nikiwa nje kwenye mkeka. Ndani hakukaliki. Nyumba yetu Habaswein ni ya mabati, na mabati ya Habaswein yakishakula jua la mchana kutwa, usiku yanalitapika lote kichwani kwako. Ayeeyo, nyanya yangu, alikuwa amelala kando yangu na kitambaa chenye maji kifuani. Nikamuuliza abti swali la kijinga: na sisi je, serikali inatukata kodi kidogo tukipoza nyumba?

Hakujua. Nami sikujua. Nikaanza kusoma, na manze, nilipotelea huko.

Jibu linaanza mwaka wa 1901. Mwaka huo Waingereza walileta kanuni za kodi ya kibanda katika eneo walilokuwa wakiliita Himaya ya Afrika Mashariki. Yaani kodi ya kwanza kubwa ya serikali hapa kwetu ilikuwa kodi ya nyumba. Haikuwa ya mshahara, kwa sababu watu hawakuwa na mshahara, na hiyo ndiyo ilikuwa hoja: ukitaka rupia za kulipia kibanda chako, nenda ukafanye kazi kwenye shamba la mzungu. Baada ya miaka michache ilifika rupia 3 kwa kibanda. Ukiwa na wake wawili, kila mmoja na kibanda chake, hiyo ni mara mbili.

Sasa fikiria kama wewe ndiye unayelipa. Si utapunguza vibanda? Ndivyo ilivyokuwa. Watu walibanana, familia mbili chini ya paa moja, ili karani akihesabu apate vichache. Ndiyo maana mwaka wa 1910 serikali ikaongeza kodi ya kichwa, ili kijana asiye na kibanda naye asikwepe. Waingereza walipaswa kulijua hilo mapema, maana kwao lilishatokea. Tangu 1696 mpaka 1851 England ilikuwa na kodi ya madirisha. Madirisha mengi, kodi nyingi. Watu wakafanya nini? Wakayaziba kwa matofali. Mpaka leo kuna majumba ya zamani kule yenye madirisha yaliyozibwa. Watu walikaa gizani bila hewa kwa sababu ya risiti.

Kwa hiyo ukiniuliza nani anajenga nyumba, nitakwambia kuna fundi anayeonekana na kuna fundi asiyeonekana. Huyo wa pili ni kodi.

Sasa turudi nyumbani. Huku kwetu karani wa kodi alikuwa na shida nyingine: nyumba yenyewe inahama. Aqal ya Kisomali ni fito zilizopindwa kama nusu ya chungwa na mikeka iliyosukwa na akina mama, na siku ya kuhama yote inafungwa juu ya ngamia. Unahesabuje nyumba ambayo wiki ijayo iko safarini kuelekea Lorian? Ayeeyo alizaliwa kwenye aqal, na ukimuuliza kuhusu joto anakucheka. Anasema mchana ulikuwa unainua mkeka upande upepo unakotoka, jioni unashusha. Mikeka haishiki joto kama chuma. Hakuna stima, hakuna feni, hakuna fomu. Tusidanganyane, maisha yale yalikuwa magumu, na mvua ikinyesha sana hiyo mikeka haikuwa raha. Lakini kwa joto la hapa, ile ilikuwa teknolojia. Mimi ninayeandika haya kwa simu sijui kupinda hata fito moja.

Wakoloni wenyewe hawakutaka kutujua sana. Sheria ya 1902 ya wilaya za mbali iliifunga kaskazini: hauingii wala hautoki bila kibali. Na hapa ndipo nilipokuta stori iliyonishangaza kuliko zote. Katika miaka ya 1930 Wasomali wa ukoo wa Isaaq waliokuwa Kenya walianza vurugu na serikali juu ya kodi. Mnajua walitaka nini? Walitaka kulipa kodi KUBWA zaidi. Serikali ilikuwa imewapanga daraja la chini kuliko Wahindi, na kodi yao ikawa ya chini pia. Wao wakasema hapana, tutozeni kama Waasia. Wakaandika malalamiko mpaka London. Walikuwa na akili kwelikweli, kwa sababu walijua ile risiti ndiyo inayosema wewe ni nani, unatibiwa wadi gani, unatembea wapi bila kusumbuliwa. Walishindwa. Lakini hilo wazo lishike, nitalirudia.

Uhuru ulikuja Desemba 1963 na huku kwetu ukaja na hali ya hatari, iliyoondolewa 1991 tu. Miaka 28! Ilikuwa vita vya Shifta, watu wakalazimishwa kukaa vijijini chini ya ulinzi, mifugo ikaisha. Na mwaka wa 1965 serikali ikatoa ule waraka maarufu, Sessional Paper Namba 10, uliosema pesa za maendeleo ziende kwanza pale zitakapozaa haraka, penye ardhi nzuri, mvua, na barabara. Si lazima uambiwe Habaswein ilikuwa wapi kwenye hiyo foleni. Jina lenyewe kwa Kisomali ni vumbi kubwa.

Mtu asiye na ngamia wa kubeba aqal hahami tena. Anakaa mjini, na mjini nyumba ya heshima ni ya mabati. Mabati hayaliwi na mchwa, hayavuji, na mgeni akiyaona yaking'aa anajua hapa kuna mtu. Simlaumu aliyejenga yetu. Lakini tulibadilisha nyumba inayopumua kwa jiko, na hakuna aliyetupa kitu cha kulipoza.

Basi, leo sheria inatupa nini? Nilikuta mambo mawili.

La kwanza limo kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato. Ukikopa benki ili kununua au kuboresha nyumba unayoishi mwenyewe, riba unayolipa inatolewa kwenye mapato kabla hujatozwa kodi. Tangu mwisho wa 2024 kiwango ni mpaka shilingi 360,000 kwa mwaka, kutoka 300,000. Nikasema sawa, hii ndiyo ile ya abti! Weka dari, panua madirisha, dai kodi yako.

Halafu nikaisoma tena polepole, nikimfikiria jirani yeyote wa mtaa wetu. Unahitaji benki ikukopeshe, na benki inataka dhamana, na dhamana ya nyumba ni hati miliki, na huku ardhi kubwa ni ya jamii, hati ya mtu binafsi ni kitu cha kusikia redioni. Unahitaji mapato yanayotozwa kodi, yaani peslipu au biashara iliyosajiliwa, si mbuzi na duka la maziwa ya ngamia. Na kitu chenyewe kinachosamehewa ni riba. Riba! Katika mji ambao wazee wengi wangelala kwenye jua la saa saba kabla ya kutia saini mkopo wa riba. Sisemi kuna mtu alikaa Nairobi akapanga kutuacha nje. Nadhani aliyeandika alimfikiria mtu anayemjua, na huyo mtu hakaishi hapa.

Usidhani abti naye yuko peponi. Punguzo lake linatolewa kwenye kodi unayodaiwa tu. Kama mapato yako ni madogo mpaka hudaiwi kodi, unaondoka mikono mitupu. Imekuwa hivyo tangu zamani. Marekani ilianza hayo mambo mwaka wa 1978, wakati wa Rais Carter na shida ya mafuta, kwa punguzo la mpaka dola 300 kwa mtu anayeziba nyumba yake isivuje joto. Mwenye nyumba na mwenye kodi ndiye anayefaidi. Mpangaji maskini wa Minneapolis na ayeeyo wangu wako kwenye mashua moja, isipokuwa mmoja anatetemeka na mwingine anatoka jasho.

La pili ni VAT, na hapa ndipo penye uzito wetu. Mji wetu haujaungwa na gridi ya taifa. Stima yetu inatoka kwenye kituo cha hapahapa, jenereta za dizeli zikisaidiwa na jua na upepo. Kwa hiyo mwenye uwezo kidogo ananunua sola yake. Na sola ina faida moja ambayo fomu haina: msamaha unaupata dukani. Hakuna hati miliki, hakuna peslipu, hakuna karani. Kama serikali haitozi VAT kwenye paneli, hata mama wa mbuzi watatu amepunguziwa kodi bila kujua.

Lakini angalia walivyoichezea. Sheria ya VAT ya 2013 iliondoa msamaha wa sola. Mwaka wa 2014 ukarudishwa. Sheria ya Fedha ya 2020 ikauondoa tena, katikati ya Korona, watu wakiwa wamefungiwa nyumbani. Mwaka wa 2021 ukarudishwa tena. Mimi hiyo 2020 naikumbuka kwa mwili. Tulikuwa tunachanga pesa za betri mpya, na tulipofika dukani bei ilikuwa imepanda, mwenye duka akasema ni kodi. Labda ilikuwa kodi, labda ilikuwa tamaa, labda vyote. Ile betri ilisubiri, na feni pia.

Na hata msamaha ukiwepo, soma kinachotajwa: paneli, vidhibiti vya chaji, inveta, betri za kuhifadhi nguvu za jua. Feni haitajwi. Dari haitajwi, wala rangi nyeupe ya kupaka juu ya mabati, ambayo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kurudisha jua lilikotoka. Sheria inakusaidia kutengeneza stima. Kupoza chumba ni shauri lako. Garissa, chini ya saa chache kwa gari kutoka hapa, kuna mtambo wa sola wa megawati 50 uliozinduliwa Desemba 2019, na stima yake inaingia gridi ya taifa. Ile gridi ambayo sisi hatumo. Jua ni letu sote, lakini lao lina waya.

Sasa rudi kwa wale Isaaq wa miaka ya 1930. Sisi kizazi hiki tumejifunza kusema hapana kwa kodi, na tulikuwa na haki. Juni 2024 tulijaza barabara, na Mswada wa Fedha ukakufa. Tuliisoma ile miswada kurasa kwa kurasa, tukaitafsiri kwa Kisomali, kwa Kikikuyu, kwa Sheng. Tulikataa tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 pia, ingawa mahakama ilipoipiga Novemba 2023 walirudi na sheria mpya Machi 2024. Kodi ya nyumba tena, kama 1901! Lakini ni lini tulisoma mswada tukitafuta kilichokosekana? Msamaha ambao ungetufaa na haumo? Wale wazee walielewa kwamba kwenye karatasi ya kodi, kutotajwa nako ni kutozwa. Unalipa kwa njia nyingine. Ayeeyo analipa kila usiku.

Kila mwaka mswada unafika bungeni kabla ya mwisho wa Aprili, na kamati ya fedha inapokea maoni ya mwananchi yeyote, kwa barua pepe hata. Nimeandika yangu, ukurasa mmoja: kwenye orodha ya sola waongeze feni zinazotumia nguvu za jua, na vifaa vya kuzuia joto la paa. Nimemsomea ayeeyo kwa Kisomali akiwa palepale kwenye mkeka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama hiyo rangi nyeupe lazima tungoje bunge au naweza kupanda juu ya paa kesho asubuhi.

Ndoo ya lita 20 iko mlangoni. Bei yake ilikuwa na VAT.