Kibra: Shamba Lililomezwa na Mji

Bismillahi Rahmani Rahim.



Familia nyingi za nchi zetu, kuanzia Kampala na Kigali hadi Bujumbura na Goma, hufika Nairobi kwa biashara au kusomesha watoto. Baada ya miaka michache swali huja lenyewe: je, Kaunti ya Nairobi inafaa kujenga boma, kulima mboga, kufuga kuku na mbuzi wawili watatu, na kuwaachia watoto? Kabla ya kupima kiwanja, tuwatazame kwanza Waislamu waliotutangulia katika jambo hilo hilo, mahali hapo hapo, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hao ni Wanubi wa Kibra.

Walivyofika

Wazee wa Wanubi walikuwa askari wenye asili ya Sudan. Mwaka 1891 afisa wa Kiingereza, Lugard, aliwachukua wengi wao kutoka upande wa Ziwa Albert akawaingiza Uganda, na jamaa zao wako Bombo hadi leo. Baadaye waliingia katika jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902, na baadhi yao wakawekwa Nairobi, mji mchanga uliozaliwa na reli mwaka 1899. Walipewa makazi katika msitu wa kusini-magharibi mwa mji, wakauita Kibra, yaani msitu kwa Kinubi. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitangaza rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000.

Kwa macho ya mkulima, mahali palifaa. Mvua za masika na vuli zilifika, mto Ngong ulikuwa karibu, na soko la mji lilikuwa mwendo wa miguu. Wakafyeka, wakajenga, wakapanda mahindi na kufuga ng'ombe.

Kilichokosekana

Kilichokosekana kilikuwa karatasi. Askari mstaafu alipewa kibali cha kukaa na kulima, si hati ya kumiliki. Mwaka 1928 ardhi ikatoka mikononi mwa jeshi ikaingia kwa utawala wa kiraia. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa ripoti yake miaka ya 1930, iliona kuwa Wanubi ni wakaazi kwa hisani ya serikali tu, ingawa ilikiri kuwa serikali ina wajibu kwao. Mji ukapanuka, na baada ya uhuru wa mwaka 1963 mitaa ya nyumba kama Ayany na Olympic ikachukua sehemu ya ardhi ile. Kwingine kukajaa vyumba vya mabati, na jina la Kibera likajulikana duniani kwa umasikini badala ya mashamba.

Hata uraia wao ulitiliwa shaka. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kuwa Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya kupata uraia. Hatimaye Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya jamii ya ekari 288. Yaani kwa kila ekari 14 za mwanzo, imebaki takriban moja. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Sisi tupime nini?

Kwanza, ardhi yenyewe. Magharibi mwa Nairobi udongo ni mwekundu na unapitisha maji vizuri. Mashariki ni mweusi, hunata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na nyumba huhitaji msingi imara zaidi.

Pili, ruhusa. Tangu mwaka 2015 kaunti ina sheria ya kilimo cha mjini, hivyo kulima na kufuga hakukatazwi, bali kuna masharti. Kumbukeni pia kuwa kaunti nzima ni takriban kilomita za mraba 700 tu, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 4.

Tatu, na ndilo kubwa, hati. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 65, haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi moja kwa moja. Hupata ukodishaji usiozidi miaka 99. Na ardhi ya kilimo ni ngumu zaidi, kwani bodi za ardhi hazitoi kibali kwa asiye raia bila msamaha maalumu. Basi anayekuambia "lipa tu, karatasi zitakuja" anakurudisha Kibra ya 1918.

Rai yetu ni kuwa Nairobi inafaa kwa nyumba yenye bustani ndogo na banda la kuku. Kwa anayetegemea shamba kwa riziki yake, haifai. Na kwa vyovyote, wakili akague rejista ya ardhi kabla ya shilingi moja kutoka. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, inatufundisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Wazazi, wafundisheni vijana hilo mapema, kwani wao ndio watakaoirithi karatasi au watakaoikosa.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wa Kibra, na atujaalie makazi yenye baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.