Kivuli cha Luanda Magere: Mighani na Mpango wa Mchezo wa Mezani

Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa huko Marekani Dungeons & Dragons, mchezo ambao kila aketiye mezani hujitwalia mhusika, msimamizi akabuni ulimwengu na mikasa yake, na dadu zikaamua lililo shakani. Mwaka huohuo, B. Onyango-Ogutu na A. A. Roscoe walichapisha Keep My Words, kitabu cha fasihi simulizi ya Waluo. Sadfa hii yazua swali: msimamizi wa Ahero akitaka kuandaa mchezo huo katika utanzu wa mighani, apange nini na aache nini?

Mighani iliyo karibu naye ni ya Luanda Magere, shujaa wa Kano ambaye silaha hazikumdhuru. Walang'o, kama Waluo walivyowaita Wanandi, walimwoza binti yao. Alipougua, mkewe alijaribu kumchanja, wembe ukashindwa. Ndipo akaambiwa achanje kivuli. Mke alitoroka na siri hiyo. Vitani, kivuli kilichomwa mkuki, na shujaa akageuka jiwe.

Ugumu wa mpangaji ni kwamba wachezaji wake wanaujua mwisho. Hata hivyo, watoto waliokusanyika katika siwindhe, nyumba ya bibi, nao walizijua ngano walizosimuliwa, na hawakuchoka kuzisikiliza. Vivyo hivyo, hadhira ya utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, yajua habari ya sindano ya shaba kitovuni na ya mwana msaliti. Taharuki, basi, haitokani na litakalotokea, bali na nani anaijua siri, lini, na kwa nini anaitoa.

Kwa hiyo, kinachopasa kupangwa ni mgawanyo wa siri. Kivuli kithibitishwe, uamuzi wa mke uachwe wazi. Katika masimulizi mengi mke huyu ni chombo tu cha adui. Mchezaji akimtwaa, atalazimika kupima haki ya wazazi na haki ya mume.

Jambo hili si la mchezo tu. Oktoba 1991 mapigano ya kikabila yalizuka Miteitei, Nandi, na mwaka uliofuata yakaenea hadi maeneo ya Muhoroni. Katika mpaka wa namna hiyo, kusimulia kwamba bibi harusi wa jirani ni msaliti kwa asili yake ni tendo lenye athari.

Yawezekana kupinga kwamba mighani isiyo na mwisho maalumu si mighani tena. Hoja hii ina uzito, lakini utanzu huu haujawahi kufungwa: mwaka 1991 Okoiti Omtatah aliuleta mkasa huu jukwaani katika tamthilia ya Lwanda Magere. Mchezo wa mezani nao waweza kulihifadhi jiwe la Kano, mradi msimamizi asiamue mapema, kwa niaba ya mke yule, sababu ya kusema au kunyamaza kwake.