Wageni Watatu wa Milansi na Hesabu ya Mapambano

Pito na Milanzi ni kata mbili za manispaa moja, Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa. Jina la Milanzi lakumbusha Milansi, makao ya mfalme wa kwanza ambako masimulizi ya Wafipa huanzia. Yasimuliwa kwamba siku moja, mfalme akiwa hayupo nyumbani, walifika wanawake watatu kutoka mbali. Walikuwa watatu tu, bila jeshi nyuma yao. Wakakalia kigoda cha enzi, na mfalme aliporudi akakuta utawala umekwisha kumponyoka. Akabakiwa na kijiji chake na heshima ya mambo ya jadi; nchi iliyosalia ikawa ya wageni. Kwao ndiko kulikotoka ukoo wa Watwa, uliotawala Nkansi na Lyangalile. Mwanaanthropolojia Roy Willis aliyachambua masimulizi hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1981.

Je, ugumu wa makutano kama hayo wapimwa kwa kipimo gani? Swali hilo limewashughulisha pia watu walio mbali sana na Ufipa, nao ni wachezaji wa michezo ya kuigiza wahusika mezani. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa Dungeons & Dragons, mchezo uliochipuka kutoka michezo ya vita ya vikaragosi. Mmoja husimulia safari na kuwaweka maadui njiani. Wenziwe huwa mashujaa, na dadu huamua pigo lipi limempata nani. Msimulizi ana mtihani wake: adui akiwa dhaifu, hadithi hupooza, akizidi nguvu, mashujaa wote huangamia kabla hadithi haijaiva.

Hapo ndipo hesabu ilipoingia. Toleo la mwaka 2000 lilimpa kila adui namba ya kumlinganisha na kundi la mashujaa wanne. Toleo la 2014 likaleta alama na vizidisho. Zimwi dogo liitwalo goblin lina alama 50. Mazimwi mawili ni alama 100, lakini kwa kuwa ni mawili, huzidishwa kwa 1.5, yakawa 150. Mazimwi manne ni 200, huzidishwa kwa 2, yakawa 400. Kwa mashujaa wanne wa daraja la kwanza, mapambano mepesi huanzia 100, ya wastani 200, magumu 300 na ya mauti 400. Basi idadi imeongezeka mara mbili tu, na mapambano yametoka kwenye wepesi yakafika kwenye mauti. Sababu ni bayana: kila adui aliye hai ana zamu yake ya kupiga.

Hesabu hizo zilikuwa zimeshapata chombo chake. Mwaka 1979, Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, lahajedwali ya kompyuta ndogo iliyokusudiwa kazi za hesabu za biashara. Msimulizi huandika idadi ya maadui katika A2, alama za mmoja katika B2, kizidisho katika C2, kisha fomula =A2*B2*C2. Akibadili namba moja, jibu hubadilika papo hapo. Kazi iliyohitaji karatasi na raba humalizika kwa kufumba na kufumbua.

Sasa na waingizwe wale wageni wa Milansi. Katika toleo hilo la 2014, raia wa kawaida ana alama 10. Watatu ni 30. Kizidisho chao ni 2. Jumla ni 60. Haifiki hata kizingiti cha wepesi. Lahajedwali ingemwambia mfalme asafiri bila hofu, na fomula isingekuwa na kosa lolote. Imejibu ililoulizwa: wakipigana, nani ataumia, na kwa kiasi gani. Haikuulizwa wageni wamekuja kutaka nini, wala ni nani aliyebaki nyumbani, wala kigoda kimeachwa wapi.

Wacheza bao wa pwani hawahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Kete ni 64, lakini mwenye safu ya mbele tupu ameshindwa, hata kama safu yake ya nyuma imesheheni. Wingi ni kitu kimoja, na mahali pa huo wingi ni kitu kingine.

Watunga kanuni wenyewe hawakutulia: katika toleo la 2024 walikiondoa kizidisho cha idadi. Kanuni zitabadilika tena, na fomula zitaandikwa upya. Msimulizi mwenye busara ataendelea kuzitumia, maana kuwaangamiza wenzake kwa uzembe wa hesabu si ufundi. Ila akishapata jumla yake, afunge kompyuta, ajiulize ni nani anayebisha hodi, na mwenye nyumba yuko wapi.