Kifungo Hakisemi Kilivaliwa na Nani

Kifungo cha shaba kikitoka ardhini, usikisugue. Ndimu, siki, majivu na mswaki huondoa kutu ya kijani, lakini huondoka pia na mistari myembamba ambayo ndiyo ushahidi wenyewe. Acha tope likauke, kisha ulitoe taratibu kwa kijiti laini. Basi.

Nimeyarudia maneno haya mara nyingi tangu majirani wa Mjimwema, hapa Songea, wajue kuwa nasoma historia shahada ya uzamili. Watu wanachimba misingi, vyoo na matuta ya mahindi, na vitu vinatoka. Mzee mmoja aliniletea vifungo vitatu ndani ya kopo la dawa. Hakuuliza bei. Aliuliza, "Mjukuu wangu, hivi ni vya wale waliotunyonga?"

Kila mtu wa mji huu anajua anazungumzia nini. Tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga hapa watu 67, wakiwemo viongozi wa Wangoni, kwa kupigana Vita vya Majimaji. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, naye alinyongwa, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea Novemba 2023, akaomba radhi mbele ya wazao wake na kuahidi kusaidia kukitafuta. Kwa hiyo swali la mzee si la mtu mwenye udadisi wa vitu vya kale tu.

Kifungo cha kwanza kina taji lililoinuka, na nyuma yake utepe miwili inayoning'inia. Huo utepe ndio wa kutazama. Ni taji la Kaisari wa Ujerumani, lililowekwa kwenye vifungo vya Schutztruppe, jeshi la Wajerumani katika makoloni yao. Taji la Uingereza la enzi za wafalme wa mwanzo wa karne ya 20 halina utepe, na matao yake yamepanda kwa mviringo bila kubonyea katikati. Taji lililobonyea juu ni la Malkia Elizabeth, aliyetawala kuanzia 1952. Tofauti hiyo ndogo inaweza kukuvusha miaka hamsini.

Cha pili kina simba na mnyama mwenye pembe moja wakishikilia ngao: nembo ya kifalme ya Uingereza. Waingereza walianza kuwapa askari wao wa kawaida kifungo cha namna hii mwaka 1871, badala ya vile vyenye namba ya kikosi. Ukikigeuza unakuta kitanzi cha kushonea na, ukibahatika, jina la mtengenezaji na mji, mara nyingi London au Birmingham. Makampuni yalibadilisha majina na anwani, hivyo mgongo wa kifungo mara nyingi hutaja umri wake vizuri kuliko uso. Cha tatu ni cha matundu manne, hakina alama yoyote. Hicho ni cha suruali au shati, ya mtu yeyote.

Ugumu unaanzia hapa. Wajerumani walikuwa na boma Songea tangu miaka ya 1890. Septemba 1916, vikosi vya Jenerali Edward Northey vilivyotokea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini viliuchukua mji. Novemba Wajerumani wakajaribu kuurudisha, wakashindwa. Mwaka 1918 Lettow-Vorbeck akapita tena maeneo haya akitoka Msumbiji. Taji lenye utepe lingeweza kudondoka mwaka wowote kati ya hiyo. Na lile la simba halithibitishi hata kuwapo kwa askari: makabuti ya jeshi yaliuzwa baada ya vita, yakawa nguo za walinzi wa usiku. Baridi ya Songea mwezi wa Juni mnaijua.

Nilimweleza mzee hivyo: kimoja ni cha jeshi lile, lakini siwezi kusema ni cha siku ile. Akakaa kimya, kisha akauliza vya upande wetu viko wapi.

Wapiganaji wa Majimaji hawakuvaa vifungo vya shaba. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi yote mawili katika vita vya 1914 hadi 1918, na kufa kwa maelfu, wengi wao hawakuwa na sare ya kudondosha kitu. Hata waliovaa taji la Kaisari walikuwa kwa sehemu kubwa Waafrika, kuanzia Wasudani wa mwaka 1889 hadi Wanyamwezi na Wasukuma wa baadaye. Katika Majimaji, hesabu ya Wajerumani inataja Wazungu 15 na askari 389 waliouawa upande wao. Kwa upande wa pili tunabaki na makadirio, kuanzia 75,000 hadi 300,000, wengi kwa njaa iliyofuata kuchomwa kwa mashamba na maghala. Udongo unafanana na daftari la boma: umewatunza zaidi waliovalishwa sare.

Sheria nayo haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863; vya baadaye vinahitaji kutangazwa. Kifungo cha 1906 ni kijana mno. Mnunuzi wa chuma chakavu hupima shaba kwa kilo, hana habari na utepe.

Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kutazama taji, nauliza kimetoka wapi: umbali gani kutoka barabarani, kina cha jembe au cha shimo, kilikaa na nini. Maganda ya risasi? Vigae vya chungu? Mkaa? Vigae hivyo watu huvitupa palepale, kwa sababu havina taji. Mzee alivikumbuka. Vilikuwa vingi, alisema, na viko chini ya sakafu ya choo kipya, upande wa mwembe.