Kaye ya kumbukumbu: mzazi mgonjwa anamwandikia mtoto wake

Kwetu, mzazi akigonjwa sana, wakubwa wanazungumza chini-chini na watoto wanatumwa inje kucheza. Siku ya kilio njo wanajua. Miaka ikipita, mtoto anauliza: mama alizaliwa wapi? Mbona niliitwa hili jina? Wenye kujua jibu wamekufa, ao vita iliwatawanya.

Uganda, jirani yetu, akina mama walitafutia jambo hili dawa katika miaka ya 1990. Wakati ule dawa za sida zilikuwa bei kali, wengi hawakuzipata. NACWOLA, shirika la wanawake wanaoishi na virusi lililoanzishwa 1992, liliwafundisha wazazi kuandika kitabu cha kumbukumbu. Mwandishi wa Sweden, Henning Mankell, alienda kuonana nao, na 2003 akatoa kitabu juu yao.

Ndani kunaandikwa nini?

- Majina ya babu na bibi wa pande mbili, na vijiji vyao.
- Siku mtoto alizaliwa, nani alimpa jina, na sababu gani.
- Magonjwa aliyopata, chakula alichopenda, mambo yaliyomchekesha.
- Picha, kama iko.
- Nani atamlea, na mzazi anamtakia nini.
- Ugonjwa wa mzazi.

Ukurasa wa mwisho njo mgumu. Lakini mzazi akiuandika, anapata namna ya kumwambia mtoto, na mtoto anauliza wakati mwenye kujibu angali hai. Mlezi naye anazoeana na mtoto mapema, apana siku ya maziko.

Wengine wanaogopa kwamba kuandika hivi ni kuita kifo. Wale akina mama hawakuandika ili wafe. Waliandika sababu watoto wao wataendelea kuishi. Leo, mtu akikunywa ARV vizuri anaishi miaka mingi, na kaye yake inaongezeka kurasa. Hata mwenye kansa, hata mzee mwenye afya, anaweza kuandika.

Hujui kuandika? Sema, mtu unayemwamini aandike. Lakini angalisho: kaye hii si testamenti. Mambo ya kiwanja na nyumba yaandikiwe karatasi yake, kufuatana na sheria.

Kaye moja na biki vinatosha. Anza na jina la mtoto: lilitoka kwa nani?