Pilipili nzuri ni ipi? Mambo ya kujua mbele ya kununua chupa

Hapa Lubumbashi, bukari inaweza kukosa nyama na watu wakanyamaza. Ikikosa pilipili, watu wanauliza. Kuanzia kwenye malewa za soko la Kenya mpaka kwenye moto wa michopo usiku, mteja akikaa tu, neno lake la kwanza ni lile lile: «Mama, pilipili iko?»

Pilipili tunayozungumzia hapa si ile ya unga. Ni ile ya kutwangwa ao kusagwa pamoja na kitunguu, chumvi, mafuta, na mara nyingine tomati na ndimu. Inawekwa kwenye kopo kati ya meza, ao inauzwa kwenye chupa ndogo sokoni. Kwa mama anayeitengeneza, ni biashara ya kuanza na pesa kidogo. Kwa anayeila, ni kitu cha kila siku.

Lakini ukiuliza watu pilipili nzuri ni ipi, wengi watajibu: ile inayochoma zaidi. Jibu hilo njo linaleta shida. Ukali unaweza kuficha samaki aliyeanza kuoza, maji machafu na chupa isiyooshwa. Ukali peke yake hauonyeshi kama pilipili ni nzuri, wala kama ni salama.

Ilitoka wapi?

Pilipili haikuzaliwa Afrika. Asili yake ni Amerika, na watu wa Mexico walianza kuilima maelfu ya miaka iliyopita. Baada ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka wa 1492, Wahispania na Wareno waliibeba kwenye meli zao mpaka kwenye pwani za Afrika na Asia. Tomati, mahindi na muhogo vilitoka kule kule. Kwa hiyo sahani ya bukari, sombe na pilipili, chakula tunachoita cha kwetu kabisa, karibu yote ilivuka bahari.

Jina nalo lilisafiri. Mbele ya hapo, watu wa pwani walijua pilipili manga, ile nyeusi ya Asia, ambayo Waarabu wanaita filfil. Pilipili ya Amerika ilipofika, ikachukua jina la ile ya zamani. Leo Wareno na watu wa Msumbiji wanasema piri-piri, na Wabelgiji wanaandika pili-pili.

Kule Mexico, ndugu ya pilipili yetu anaitwa salsa. Ni neno la Kihispania, maana yake ni mchuzi tu. Inatengenezwa na tomati, pilipili, kitunguu na chumvi, na kwa desturi inasagwa kwenye kinu cha jiwe kinachoitwa molcajete. Katika karne ya 16, mtawa Bernardino de Sahagún aliandika juu ya wauzaji wa michuzi ya pilipili kwenye soko za kule. Kazi ya wamama wetu ni ya zamani sana! Na mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchini Marekani, salsa iliingiza pesa nyingi kuliko ketchup.

Kwa nini inapendwa hivi?

Sababu ya kwanza iko kwenye sahani yenyewe. Mji wetu ulianzishwa mwaka wa 1910 juu ya shaba, na unga wa mahindi ulikuwa ndani ya posho ya wafanyakazi wa Union Minière. Bukari ikabaki chakula cha mji. Sasa bukari inashibisha, lakini yenyewe haina ladha kubwa. Inangoja kitoweo. Siku ambapo mboga ni kidogo na watu ni wengi, pilipili njo inasaidia tonge kupita. Watu wa Mexico wanafanya vile vile na mikate yao ya mahindi.

Sababu ya pili iko mwilini. Ndani ya pilipili kuko kitu kinaitwa kapsaisini. Hakiunguzi ulimi kweli. Kinagusa mahali pale pale pa mishipa ya fahamu panapotuambia kama kitu ni cha moto. Mtaalamu David Julius na wenzake walipatambua mahali hapo mwaka wa 1997, na mwaka wa 2021 akapata tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Mwili unafikiri unaungua: jasho inatoka, makamasi inashuka, kiisha raha inakuja. Mtu akizoea anatafuta tena.

Mambo mawili ya kukumbuka. Ukali mwingi hauko kwenye mbegu, uko kwenye nyuzi nyeupe zinazoshika mbegu. Ukizitoa, ukali unapungua na harufu inabaki. Tena kapsaisini inayeyuka ndani ya mafuta, haiyeyuki vizuri ndani ya maji. Njo maana kunywa maji baridi hakusaidii sana. Kunywa maziwa ao kula tonge la bukari.

Alama za pilipili nzuri

Harufu ije mbele ya moto. Ukifungua chupa, usikie harufu ya tunda, ya kitunguu, ya kitu kilichopikwa. Ukisikia tu kitu kinachochoma pua, ao harufu ya mafuta ya zamani, acha.

Ukali uache nafasi. Pilipili nzuri inakuja pole pole, na samaki unaendelea kumsikia kama samaki. Kama baada ya tonge la kwanza hujui tena unakula nini, pilipili imeua chakula. Na kama iko kwenye meza ya samaki wa jana, pengine njo kazi yake.

Chumvi na ndimu visikike. Chumvi inafungua ladha, uchachu unakata mafuta. Uchachu una kazi ingine ya maana, tutaiona chini.

Isiwe maji. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Machi, tomati inaugua shambani na kuoza haraka, na bei inapanda. Hapo kishawishi cha kuongeza maji ao unga kinakuja. Inamisha chupa: pilipili nzuri inatembea nzito, na maji hayajitengi juu.

Rangi iwe ya kweli. Pilipili iliyopikwa inageuka kidogo, inakuwa ya kahawia ao nyekundu ya giza. Nyekundu inayong'aa sana ni ya kuuliza. Kuko rangi za kiwandani zinazoitwa Sudan, zisizoruhusiwa kwenye chakula. Tangu mwaka wa 2003 Umoja wa Ulaya ulianza kudai vipimo vya pilipili ya unga inayoingia kwao juu ya rangi hizo.

Hatari iko wapi?

Watu wengi wanaamini kwamba pilipili inaua vijidudu. Si kweli kwa namna wanavyofikiri. Ukali wa kwenye kopo hautoshi kusafisha maji machafu ao mikono michafu.

Haut-Katanga ni moja ya mikoa ambayo kipindupindu kinarudi mara kwa mara, zaidi kwenye vijiji na miji ya kando ya maji. Pilipili mbichi, iliyosagwa na maji ya kisima yasiyochemshwa, kiisha ikakaa wazi mchana mzima na vijiko vya watu ishirini vikiingia, ni njia nzuri ya ugonjwa kupita.

Hapa njo uchachu unasaidia. Katika miaka ya 1980, wataalamu waliochunguza kipindupindu nchini Guinea waliona kwamba vijidudu vyake vilikua haraka ndani ya mchuzi wa karanga uliolala, lakini havikukua vile ndani ya mchuzi wa tomati, juu tomati ina uchachu. Ndimu na siki vina uchachu zaidi. Lakini uchachu ni msaada tu. Hauchukui nafasi ya kuchemsha maji na kunawa mikono.

Hatari ya pili haijulikani sana. Kitunguu saumu na pilipili mbichi vikifunikwa na mafuta na kuwekwa siku nyingi nje ya frigo, hewa inakosekana ndani. Kuko kijidudu kinachopenda hali hiyo, na sumu yake inaleta ugonjwa wa botulismi, unaolegeza misuli mpaka pumzi inashindikana. Haionekani kila mara kwa macho wala kwa harufu. Kijidudu hicho hakikui mahali penye uchachu wa kutosha. Kwa hiyo mafuta peke yake hayalindi pilipili.

Hatari ya tatu ni pilipili kavu yenye ukungu. Usiioshe na kuitwanga: ukungu unaweza kuacha sumu inayoharibu ini, na kupika hakuitoi. Tupa.

Kuitengeneza nyumbani

Chukua pilipili mbichi konzi mbili, vitunguu viwili, tomati mbili zilizoiva, punje tatu za kitunguu saumu, kijiko kidogo cha chumvi, nusu kikombe cha mafuta na ndimu tatu.

Osha vyote na maji safi. Toa nyuzi nyeupe za nusu ya pilipili kama watoto watakula. Twanga ao saga bila kuongeza maji. Pasha mafuta, tia vyote, punguza moto, geuza mara kwa mara kwa dakika 25 hivi, mpaka maji ya tomati yaishe na mafuta yapande juu. Tia chumvi na maji ya ndimu mwishoni. Mimina ingali moto kwenye chupa iliyochemshwa pamoja na kifuniko chake.

Kama uko na frigo, ile ndani ya wiki moja. Kama umeme unakatika kila siku, ao frigo haiko, tengeneza ya siku moja tu. Kijiko kiwe kikavu, na kisiwe kile kilichoingia mdomoni.

Maswali yanayorudi

Pilipili inaleta vidonda vya tumbo? Vidonda vingi vinatokana na kijidudu Helicobacter pylori, kilichogunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren mwaka wa 1982, ao dawa fulani za maumivu. Pilipili si chanzo, lakini kwa mtu ambaye tayari ana kidonda, inaweza kuongeza maumivu. Tumbo likiuma kila siku, nenda kwa munganga.

Imeingia kwenye macho, nifanye nini? Usisugue. Osha jicho na maji mengi safi kwa muda mrefu. Mikono, paka kwanza mafuta kidogo, kiisha nawa na sabuni.

Sokoni, uliza nini?

Uliza mambo matatu, kwa heshima: «Mama, uliitengeneza lini? Umeipika? Umetia ndimu?» Mama anayejua kazi yake hatakasirika. Atakufungulia chupa, atakupa uonje kidogo, na atakuambia mwenyewe siku ya kuimaliza. Huyo mrudilie. Na kama anayeulizwa anajibu tu kwamba yake inachoma kuliko zote, bado hajajibu swali lako.