Historia ya Viwanja Vyetu: Toka Boma la Mjerumani Hadi Ramani ya 2035

Na Mwenyekiti wa Kikundi

Kamati ya sherehe ilipogawa kazi, Katibu alipewa kuandika mahesabu ya miaka kumi, Mweka Hazina akapewa kutafuta picha, mimi nikaambiwa, "Mama Mwenyekiti, wewe andika historia." Nikawajibu kwamba mimi nimeishia darasa la saba, historia ni kazi ya walimu. Wakasema historia ya kikundi chetu ni historia ya viwanja, na viwanja aliyevihangaikia kuliko wote ni mimi. Hapo walinishinda, maana viatu vyangu vilivyokwisha soli wanavijua.

Watu wengi wanadhani tulianza ili kukopeshana mitaji ya kuuza vitunguu Kilombero. Mitaji ilikuja baadaye. Tulianza mwaka 2015 kwa sababu ya alama ya X.

Mwenzetu mmoja alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu na kibanda cha duka karibu na barabara kuu. Asubuhi moja akakuta ukutani X nyekundu. Wasiojua niwaeleze: X ya kijani maana yake utabomolewa lakini utalipwa fidia, X nyekundu maana yake utaondoka mikono mitupu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu toka mita 22.5 kila upande hadi mita 30. Aliyejenga kihalali kati ya 22.5 na 30, barabara ndiyo iliyomfuata, basi analipwa. Aliye ndani ya 22.5, yeye ndiye ameifuata barabara. Sisi akina mama hatukuyajua hayo wakati ule. Tulikwenda na kamba ya kuanikia nguo tukapima toka katikati ya lami, tukapima tena mara ya pili kwa matumaini kwamba kamba imekosea. Sebule na duka vilikuwa ndani, vyumba viwili vikabaki nje.

Lililotuumiza zaidi ni karatasi. Alichokuwa nacho ni karatasi moja ya daftari, ya mauziano, iliyoshuhudiwa na balozi wa nyumba kumi, na jina lililoandikwa pale ni la marehemu mume wake. Kabla sebule haijabomolewa, shemeji alikwisha kufika kuuliza kile kilichobaki ni cha nani. Jioni ile tulikaa kumi na mmoja kwenye uwanja wake, kila mtu akatoa alichonacho, na hiyo ndiyo siku tunayoihesabu kuwa ya kuzaliwa kwa kikundi.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana mambo ya kupimwa na kuhamishwa hapa kwetu si mageni.

Mji huu ulianza na boma la Wajerumani, mwaka 1900, ambalo leo ni makumbusho. Babu zetu, Waarusha na Wameru, walilijenga kwa kulazimishwa. Mashamba makubwa yakakatwa chini ya mlima, mlima wenyewe na vijito vyake ukabaki na watu wamebanana. Mwingereza alipoingia mwaka 1916 akaupanga mji kwa rangi ya ngozi: kuna Uzunguni, kuna Uhindini, na sisi Waafrika tukawekwa upande wetu. Kaloleni ni mtaa wa wakati ule. Ukumbi wa Kaloleni ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana mwishoni mwa Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Leo nao ni makumbusho. Watoto wetu wa shule wapelekwe, ni karibu tu.

Lakini kisa ninachokipenda kukisimulia kwenye mikutano ni cha Wameru. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya kikoloni iliunda tume ya Jaji Wilson kuangalia ardhi ya Arusha na Moshi. Ikapendekeza kuyapanga upya mashamba, ya wazungu yakae pamoja na ya Waafrika yakae pamoja. Kwenye karatasi lilionekana jambo safi. Mwaka 1951 ndipo watu wa Engare Nanyuki, kama elfu tatu hivi, wakaondolewa kwa nguvu, nyumba zikachomwa, ili walowezi wafuge ng'ombe. Wameru walifanya nini? Walichangishana. Senti kwa senti wakampeleka Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, akaeleza shida yao mbele ya dunia nzima. Ardhi hawakurudishiwa siku ile, ila ufugaji wa walowezi haukufanikiwa, na baadaye Wameru wakarudi kwao. Nikimwona mwanachama anadharau mchango wa shilingi 2,000 kwa wiki, namtajia Kirilo.

Mimi nilizaliwa Unga Limited, mtaa uliopewa jina la kile kiwanda cha unga. Baba alikuja kutafuta kibarua, na wakati ule kazi zilikuwepo: serikali ilikuwa imeuweka Arusha kati ya miji tisa ya kukuzwa katika Mpango wa Pili wa Miaka Mitano wa mwaka 1969, viwanda vikajengwa, General Tyre ikafunguliwa 1971, AICC ikafuata 1978. Viwanda vilipangwa vizuri sana. Mahali pa kulala wafanyakazi ndipo palipojipanga penyewe. Tulikaa chumba kimoja watu saba, choo kimoja nyumba nzima, na mvua za Aprili zikija maji yalipita chini ya mlango kama mgeni aliyezoea. Njiro wakati huo ilikuwa mashamba. Muriet tulikuwa tunasikia tu, ni mbali, kwa wafugaji.

Leo Muriet ndiko wengi wetu tunakokaa. Tulikujaje? Kwa kununua vipande toka kwa wenyeji. Mzee wa Kiarusha anawagawia wanawe shamba, mwana anauza vipande vya hatua ishirini kwa thelathini, balozi anashuhudia, mnakunywa soda, basi. Barabara? Kila muuzaji anaacha upenyo wa kupita mkokoteni. Hatukuvunja sheria kwa makusudi, viwanja vilivyopimwa vilikuwa vichache na waliovipata walikuwa wanajuana. Na niseme jambo lingine ambalo halisemwi: katika mauzo yale yeyo, yaani mama wa boma, hakuulizwa. Nina jirani yangu mmoja, koko wa miaka themanini na zaidi, shamba alilolilima ujana wake wote limekwisha mikononi mwa wajukuu, amebakiwa na kibanda na migomba sita. Mmoja wa walionunua kipande katika shamba lile ni mimi. Huwa namchotea maji.

Mji umejaa haraka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika jiji, ile ya 2022 ikahesabu 617,631. Kwa hiyo serikali kutengeneza mpango mkuu mpya halikuwa kosa. Waliletwa wataalamu wa Surbana toka Singapore, wakachora mpango wa kwenda hadi mwaka 2035, wa jiji pamoja na sehemu za wilaya za Arusha na Meru. Tulichagua wajumbe watatu twende kuiona ramani. Ni kubwa, inafunika meza, ina rangi kama kitenge. Mimi nikauliza swali moja tu: "Mwanangu, sisi tuko rangi gani?" Yule kijana mpimaji alicheka, lakini alikuwa na adabu, akatuonyesha kwa kidole nyumba kwa nyumba. Wengi tulikuwa kwenye rangi ya makazi. Wanne walikuwa kwenye kijani, pembeni ya mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ukingo wa mto ziachwe. Kurudi nyumbani tulipanda kifodi hatusemeshani, maana mmoja wa wale wanne tulikuwa naye.

Wakati huohuo Shirika la Nyumba la Taifa lilikuwa limeanzisha Safari City kule Mateves, kwenye ekari zipatazo 587, mji mpya kabisa na barabara zake. Tulikwenda kutembelea. Kwa kweli ni pazuri, nyumba zimepangwa mstari, mtoto anaweza kucheza nje. Tukauliza bei, tukashukuru, tukaomba maji ya kunywa. Siwalaumu, nyumba hujengwa kwa fedha. Ila mama wa genge hapewi mkopo wa benki kwa daftari la wadeni.

Ndipo ukaja ule mgogoro wa mwaka 2017 ambao wengine wangependa nisiuandike. Kikundi kiligawanyika. Upande mmoja ulitaka akiba yote tununue shamba la pamoja nje ya mji, tulipime, tugawane. Upande wa pili ulitaka tubaki tulipo na kurasimisha, kwa kuwa Wizara ilikuwa na programu ya kurasimisha makazi ya 2013 hadi 2023. Mimi nilikuwa kiongozi wa upande wa shamba. Nilikuwa nimesikia habari za Chamazi, Dar es Salaam: wapangaji na wenye nyumba waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, vikundi vya akiba vya Shirikisho la masikini wa mijini wakisaidiwa na asasi ya CCI, walinunua ekari 30 kwa milioni 24, wakafyatua matofali wenyewe, wakajenga. Nikasema kama wa Dar wameweza, sisi tumekatwa mikono?

Nilichosahau ni kwamba wenzetu wale walikaa muda mrefu wakipanga kabla ya kununua. Mimi nilikuwa na dalali na haraka. Tulikwisha lipa kianzio, Mweka Hazina alipong'ang'ania twende kwanza serikali ya kijiji. Tukaenda. Shamba lile lilikuwa na wenyewe wawili, na wa pili hajauza. Kianzio hatukukiona tena. Nilisimama mbele ya mkutano nikaomba nijiuzulu. Mlinikatalia, ila mlinikata hisa zangu za mwaka, na mlifanya haki.

Basi tukaingia kwenye kurasimisha. Serikali ilikuwa imeweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja, tukaona hiyo tunaiweza. Kikundi kikawakopesha wanachama bila riba. Kampuni ya kwanza iliyokuja mtaani ilipokea fedha, ikapiga picha, ikaweka alama za rangi kwenye miti, ikapotea. Simu haikupokelewa. Ilibidi mtaa uanze upya na wapimaji wengine, na kuanza upya maana yake ni kuwabembeleza upya watu ambao wamekwisha kuliwa fedha mara moja. Nilitukanwa na wanaume wa umri wa wanangu. Kazi ngumu ilikuwa barabara: ili mtaa ukubalike lazima magari yapite, na ili magari yapite kila mtu amege. Mama mmoja alitoa mita mbili na jiko lake zima. Mwenye ghorofa alikataa hata nusu mita. Mpaka leo barabara ile ina kona pale kwake, mnaipita kila siku na mnajua naisema ipi.

Halafu jina. Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inasema wazi mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Tuliisoma kwa sauti kwenye mkutano mara tatu, tukikumbuka ile karatasi ya daftari ya mwenzetu wa X. Kumbe kusoma si kuandika. Siku ya kujaza fomu wanachama kadhaa walikuja na jina la mume peke yake, huku fedha ni za kikundi, yaani zao. Tukaweka sharti: mkopo wa kikundi hautoki bila jina la mwanachama kwenye fomu, peke yake au pamoja na mume. Waume wawili waliwatoa wake zao kwenye kikundi. Mmoja alirudi mwaka uliofuata. Mwingine hajarudi, na kiti chake huwa nakiangalia.

Hadi tunaandika kijitabu hiki, wanachama 19 wana hati mkononi, na 14 kati yao jina la mama limo. Mwenzetu wa X ni mmoja wao. Vyumba vyake viwili vimeongezewa sebule upande wa nyuma, mbali na barabara, na shemeji haji tena kuuliza.

Wale wanne wa mtoni bado. Na mambo hayajasimama: tangu ujenzi wa uwanja wa mpira wa watu 30,000 uanze Olmoti mwaka 2024 kwa ajili ya AFCON ya 2027, madalali wamerudi, safari hii na magari. Wanawaambia wazee wa mtoni wauze haraka kabla hawajabomolewa. Wasiuze. Mfuko wa viwanja una fedha za kulipia upimaji wa kipande kile kidogo tulichokinunua mwaka jana kwa pamoja, safari hii baada ya kwenda ofisi ya mtaa kabla ya dalali. Vitatoka viwanja vinne. Mpimaji ameahidi kuja Jumanne baada ya sherehe, saa tatu asubuhi, na anayeweza kuja na jembe la kusafisha mpaka aje.